Mpaka Oili Ipate Moto

...au ulikuwa wa kushoto, maana asubuhi alipotoka chumbani alichechemea kwa mguu wa kulia, hilo ana hakika nalo, alishika ukingo wa meza akaguna kama mtu aliyebebeshwa injini nzima mgongoni, na sasa hapa uani, mbele ya mzee mfamasia aliyekuja kulinunua gari, amejikuta ameegemea mlango huku ameukunja wa kushoto, na maumivu ya uongo yana shida hiyo moja, hayakumbuki yalilala wapi jana, mguu unaouma kweli ungejitangaza wenyewe, lakini huu wa kutunga lazima uwekewe alama, afunge hata uzi kwenye kidole gumba, fundi mzima mwenye miaka thelathini kazini, anayekumbuka kila nati aliyowahi kuifungua na mahali ilipoangukia, amesahau goti lake bovu ni lipi, na dirisha la jikoni liko wazi, na mke wake yuko pale dirishani anafuta glasi ileile aliyokuwa anaifuta mfamasia alipoingia getini, na masikio ya mke wake husikia maziwa kabla hayajachemka, "Fundi, nimekuuliza," mfamasia anasema kutoka ndani ya gari, mikono yote miwili juu ya usukani kama mtoto anayepigwa picha ya studio, "kwa nini unaliuza? Gari zuri namna hii haliuzwi bila sababu. Miaka arobaini nimeuza dawa mimi, mtu akiniambia kichwa kinamuuma namwangalia tumbo. Wewe niambie kweli tu, ukiniambia kweli nalichukua leo hii," na Fundi anamjibu lile jibu analowajibu wote wanaomtupia maswali mazito mbele ya injini baridi, "Subiri, mzee wangu, oili haijapata moto," na hilo angalau si uongo, mshale wa joto la oili ndio kwanza unajinyanyua kwenye arobaini, na hapa uani sheria ni moja, mpaka mshale ufike tisini hakuna wa kukanyaga mafuta, hakuna wa kutaja bei, hakuna wa kutikisa chochote, dakika sita, saba kukiwa na baridi, injini ya mbio ni kama mtu mkubwa aliyeamshwa, usimpe habari kabla hajanawa uso, sheria hiyo aliitunga mwenyewe na leo imemwokoa, ana dakika sita za kutafuta la kusema ambalo mfamasia ataliamini na dirisha la jikoni halitalisikia...

...na gari lenyewe linanguruma taratibu, limetulia juu ya rampu, Nyigu, ndivyo mtaa mzima unavyoliita, manjano tupu na mstari mweusi mgongoni, milango miwili, viti viwili, injini nyuma ya viti, pistoni sita zimelala tatu huku tatu kule kama wagonjwa wa wodi moja, na likikohoa mbwa wa mitaa mitatu hukaa chini kwa heshima, hapo hajatia chumvi hata punje, halijawahi kupitwa barabarani, isipokuwa mara moja na gari la wagonjwa, na hilo lilikuwa kwenye mteremko, na kwenye kile kipande cha boksi alichokiweka kiooni ameandika kwa mkono wake LINAUZWA, LIMETUMIKA LAKINI HALIJATUMIKISHWA, HALIJAWAHI KUBEBA SARUJI WALA SHEMEJI, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliponuna alimwambia hayo ni maneno ya biashara tu, ingawa ni kweli tupu, ndani yake wamekaa watu wawili peke yao tangu lilipofufuka, kushoto mmoja, kulia mmoja, alilipokea likiwa maiti, limeletwa na lori, nusu yake imo ndani ya magunia, waliokuja kuangalia walimpa pole kama mfiwa, akawaambia mtanikuta, na miaka minne baadaye wakamkuta, na ukimuuliza nani alilifufua atakuambia mikono hii, hii hapa, na si kweli yote, mikono iliyoosha kila nati kwa mafuta ya taa ilikuwa mingine, ilikuwa kwenye beseni la vyombo, mkewe, Mama Pacha, amekaa kwenye kigoda, sketi ameikunja katikati ya magoti, anaosha nati moja moja na mswaki wa zamani, anazipanga kwenye kanga kwa mafungu, anasema, "Baba Pacha, hii imezidi, haina mwenzake," na yeye anamwambia haiwezekani, na inakuwa imezidi kweli... "...nikistaafu tu, nikistaafu tu," mfamasia anazungumza peke yake mle ndani, anapapasa kiti cha pembeni kwa kiganja, "ndiyo nilikuwa namwambia mwenzangu kila mwaka. Nikistaafu nakutia kwenye gari la wazimu, tunapotea. Mwaka wa tatu huu hayupo," na Fundi anaitikia pole sana mzee, anasema kwa moyo, lakini sikio lake moja limebaki kwa injini, sauti ni safi, pistoni ya tatu ina lafudhi yake kidogo lakini ni lafudhi tu, si ugonjwa, kilichowahi kulia ni kingine, mwaka ule, beringi ya nyuma, kisa ambacho amekisimulia kila penye watu watatu na kivuli, jinsi alivyochukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama daktari na kifua cha mtoto, akafumba macho, akawaambia walimwengu kuna beringi inalia, ndani kabisa, inalia kama panzi aliyefungiwa kwenye kopo, wakacheka, wakafungua, wakamkuta panzi, na tangu siku hiyo akaitwa Masikio, na wateja wakaja mpaka kutoka ng'ambo ya mto, na mara zote mia alizokisimulia, Mama Pacha akiwa amesimama pembeni na sinia la chai, sikio lilikuwa lake Fundi, la Fundi peke yake, wakati aliyeweka mpini sikioni, aliyefumba macho, aliyesema "Baba Pacha, kuna panzi humu," ni huyo mwenye sinia, na hajawahi hata siku moja kukohoa, hajawahi kunyanyua nyusi, anamimina chai, anauliza nani hatumii sukari, tena kuna siku aliyekuwa anasikiliza alitilia shaka, na ni yeye aliyesema, "Huyu? Huyu anasikia mpaka kutu inavyokula chuma," akageuka akarudi jikoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, Fundi alidhani anapata mafua...

...hamsini, mshale umepita hamsini, afikiri upesi, goti, atasema goti, mzee wangu goti limenikataa, klachi ya gari la mbio ni nzito kama mlango wa benki, ndivyo alivyomwambia kila mtu, ndivyo alivyomwambia mkewe miezi minne iliyopita, akaliuguza goti lile kwa bidii mpaka siku nyingine lilikaribia kumuuma kweli, na angeweza kusema chochote duniani lakini si lile lenyewe, si kwa dirisha lililo wazi, kwamba hauzi gari kwa sababu ya goti lolote lenye damu yake, anauza kwa sababu ya nyonga, na nyonga si yake... Mama Pacha alikuwa anasema neno moja tu, enzi hizo, alfajiri ya Jumapili, barabara ya uwanja wa ndege ikiwa tupu na imenyooka kama rula, amefunga mtandio mafundo mawili chini ya kidevu, amevua viatu, anaikunja miguu chini yake kama yuko kwenye mkeka, anatazama mbele, na Fundi akifika mwendo ambao mtu mwenye watoto anapaswa kuridhika nao, anasikia pembeni yake, kwa sauti ya mtu anayeomba aongezewe mchuzi, "Ongeza," hilo tu, anaongeza, "Ongeza," na wakigeuza kule mwisho uso wake unakuwa wa msichana aliyetoroka shule, na halafu mwaka juzi, ghafla, kwa uso mkavu, "Mimi mwendo huo siuwezi tena, Baba Pacha. Naogopa. Nenda tu peke yako," naogopa, yeye, aliyezaa pacha umeme umekatika akamtuliza mkunga, na Fundi akajitia hamnazo akaenda peke yake, na gari lenye kiti kimoja kitupu lina sauti nyingine, linalia upande, na alidhani labda kweli ni woga, umri, watu hubadilika, mpaka mchana ule alipokuwa amelala chini ya lori la mteja, akaona miguu ya mkewe, ndala zake za bluu, zikija taratibu uani hadi kwenye Nyigu, alidhani anakuja kumwita kula, angemwita, angesema niko huku, lakini kitu katika zile ndala kilimnyamazisha, zilikuwa zinanyata, na akaona kutoka chini ya lori mkono wake ukifungua mlango, akaona anavyogeuka, anavyojishusha, gari lenyewe liko chini mno, kulikalia ni kama kukalia kigoda kilichofukiwa ardhini, akashuka nusu, akakwama, hapo katikati, si ndani si nje, amening'inia kwa mkono mmoja kwenye mlango na mguu mmoja umekataa kukunjika, na hakulia, ingekuwa afadhali angelia, alibaki hivyo kwa muda wa mtu kusoma barua fupi, kisha akajivuta juu, akalipiga gari kofi dogo kwenye paa, kofi la mtu anayemwambia mwenzake haya bwana, akafunga mlango polepole usilie, ndala zikarudi jikoni, na Fundi akabaki chini ya lori na spana kifuani, oili inamdondokea shingoni tone baada ya tone, na hakusogea, kwa sababu kama angetoka mkewe angejua ameonekana, na mwanamke yule anaweza kustahimili nyonga lakini si kuonewa huruma, hapo ndipo alipokata shauri, litauzwa, lisimsimamie uani kila siku kama mtu anayemcheka, litauzwa na atakayelaumiwa ni goti...

"...mimi mwenyewe nilikuja na wasiwasi," mfamasia anaendelea, amepata wa kuzungumza naye na ni vitufe vya dashibodi, "mwanangu ameniambia, baba, ukiingia humo tutaita winchi kukutoa, na mkongojo wako huo. Kumbe kiti kama cha sebuleni!" na anacheka, na Fundi anacheka naye bila kusikia, maana sitini, mshale uko sitini, na kule dirishani glasi imegeuzwa upande wa pili, na anakumbuka asubuhi, chai, yeye anachechemea kuja mezani, mkewe anamsogezea kikombe na kuuliza, bila kumtazama, kama anayeuliza leo siku gani, "Leo zamu ya mguu gani?" na yeye alijibu, kwa sauti ya mgonjwa, huuhuu, na akaona alivyo na mke mwenye moyo wa kujali, anauliza habari za mguu wake kila asubuhi... zamu... mbona alisema zamu, maumivu hayana zamu, zamu ni ya walinzi, zamu ni ya watu wanaopokezana, na Fundi, ameegemea mlango, anahisi kitu kinapanda mgongoni, taratibu kama ule mshale, maana kuna ile dawa ya kuchua, kila jioni kwa miezi minne, kopo la kijani, mkewe anamlaza kwenye kochi, anamvuta suruali juu ya goti, anachua, vidole vyake vinajua kazi, vinazunguka mfupa, vinashuka nyuma, vinapanda, na yeye amejilaza kama mfalme aliyerudi vitani, anaguna panapostahili kugunwa, na juzi, au majuzi, alikuwa anachua la kushoto, na wiki iliyopita... wiki iliyopita lilikuwa la kulia, ni yeye Fundi aliyelitoa, alinyoosha mguu wowote uliokuwa karibu, na mkewe alichua wowote uliotolewa, uso mkavu, uso uleule wa sinia la chai, na alipomaliza, sasa anakumbuka, kila alipomaliza alikuwa anabaki ameegemea kochi kwa kitambo kabla ya kusimama, anashika pale penye nyonga kwa mkono uleule wenye dawa, anausugua hapo mara mbili tatu kama anayejifuta tu, kama anayemalizia dawa isipotee, na yeye amefumba macho, mfalme, Masikio, anayesikia kutu inavyokula chuma, alikuwa anachuliwa goti zima na mgonjwa... anajua, alijua tangu siku ya kwanza, amejua goti ni la uongo na ameuchua uongo ule kwa miezi minne ili usipate baridi, na kama anajua goti ni la uongo basi anajua na gari linauzwa kwa sababu gani, na kama anajua sababu basi anajua kwamba mchana ule, chini ya lori... viatu vyake, viatu vyake Fundi vilikuwa vimechomoza chini ya lori, namba kumi na moja, vina oili, havionekani vipi, mwanamke anayesikia maziwa... akafunga mlango polepole usilie, alidhani ili asisikike, labda alikuwa anamfichia aibu yeye, huyu aliyelala chini pale asiyejua afanye nini, kila mmoja amemwekea mwenzake pazia na wanaangaliana kupitia tundu moja...

...kiti kama cha sebuleni, huyu mzee alisema hivyo, kwa nini aseme hivyo, kiti cha Nyigu kimewashinda vijana, vijana wa mpira wanaingia humo wakiguna, na huyu ana tumbo la kiheshima na mkongojo, alifungua mlango, akageuka, akakaa, akaingiza miguu, hakuguna, Fundi alikuwepo, alimwona, hakuguna hata kidogo... rampu... Nyigu liko juu ya rampu, alilipandisha mwenyewe asubuhi ili mfamasia aonyeshwe tumbo la gari, maana gari liko chini mno, jeki haiingii chini yake mpaka lipande kwanza juu ya vile vyuma viwili, alivichomelea kwa mkono wake mwaka ule wa kwanza, vimejazwa mbao, kimo cha shibiri moja, shibiri moja tu, na shibiri hiyo ndiyo tofauti kati ya kigoda kilichofukiwa na kiti cha sebuleni, miaka yote hii analipandisha gari ili jeki ipite, ili spana ipite, ili kichwa chake kikubwa kipite, mara ngapi, mara elfu, na akishamaliza hulirudisha chini kwa heshima zote, ndipo humwita mkewe, njoo, limekuwa tayari, humwita likiwa chini, siku zote likiwa chini, akilini mwake rampu ni ya kazi na gari likiwa juu ya rampu ni bovu, hakuna anayemkaribisha mtu ndani ya gari bovu, huo ndio ufundi wake, wa kusifiwa ng'ambo ya mto, shibiri moja ya chuma imeegemea ukuta wake muda wote huu na yeye ameandika boksi la LINAUZWA... na mkewe atashuka vipi huko waendako, hapana, hawashuki, kwani walikuwa wanashuka lini, wanaenda mpaka mwisho wa barabara ya uwanja wa ndege, wanageuza, wanarudi, na wakirudi linapanda tena hapahapa, mbele, nyuma, taratibu, anajua kulipandisha hata akifumba macho, atafungua mlango upande wa kushoto na mtu atasimama tu kama anayetoka kwenye kochi... ndipo anaona kwamba ameondoka mlangoni, ameanza kwenda, hatua tatu, nne, kuelekea dirishani, amenyooka, kifua mbele, kama bwana harusi, na kutoka jikoni, sauti ya chini lakini ya kuwahi, sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake zipu mbele ya wageni, "Baba Pacha! Mguu!"

Anasimama. Mguu gani, angeuliza, na anamwona, glasi kwenye mkono mmoja, kitambaa kwenye mwingine, nyusi zimenyanyuliwa kwa dharura, anamwonyesha kwa kidevu mfamasia mle garini, chechemea basi, mgeni anakuona, amemlindia uongo mpaka dakika ya mwisho, mbele ya mnunuzi, kama alivyomlindia panzi, na Fundi hachechemei, anashindwa, miguu yote miwili imekataa, imesimama imara juu ya zege kama ya kijana, na mkewe anaitazama ile miguu, anamtazama usoni, na kitambaa kinaacha kuzunguka kwenye glasi... nyuma yake mfamasia anapiga honi kidogo, kwa adabu, "Fundi! Nakuuliza kwa mara ya tatu, bwana, kwa nini unaliuza?" na Fundi anaitafuta ile sababu, anaisaka kama mtu anayesaka spana aliyoishika muda si mrefu, kwenye goti la kulia, kwenye la kushoto, chini ya lori, na haipo, mzee wa watu atachukia, amekuja kutoka mbali, atamtafutia lingine, atamtafutia zuri, atalifufua kwa mikono hii na kumkabidhi bila faida, lakini hilo ni la baadaye, kwa sasa macho yake yako kwenye nyonga ile iliyoegemea ukingo wa dirisha, upande wa kulia, sasa anajua, wa kulia, hatausahau, na leo jioni lile kopo la kijani atalishika yeye, na anajibu bila kugeuka, "Subiri kidogo, mzee wangu, oili bado," na kweli bado, mshale haujafika hata sabini.